Kaunta buku yangu ya pasiwadi imelowa. Nizihamishie wapi?

mchapaji_busia

Habari zenu ndugu zangu. Nina ofisi ndogo ya uchapaji hapa Busia, upande wa Uganda, mwendo wa dakika tano kutoka mpakani. Nachapa barua, natoa fotokopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni: TIN (namba ya mlipa kodi) ya URA, mamlaka ya mapato, maombi ya pasipoti, maombi ya vyuo. Kazi hii nimeianza 2016.

Wateja wangu wengi hawana barua pepe. Mtu anakuja anataka TIN, fomu inadai barua pepe, basi namfungulia hapo hapo. Namwekea pasiwadi, namwandikia kwenye kipande cha karatasi, na mimi naandika kwenye kaunta buku yangu kwa sababu najua kile kipande kitafuliwa ndani ya shati. Na kweli, baada ya mwaka anarudi: "Nnyabo, ile imeili yangu uliyonifungulia..." Nafungua kaunta buku, naipata, tunaendelea na kazi. Kuna watu walioniletea samaki kwa ajili ya hiyo kaunta buku.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilinyesha usiku, bati likavuja juu ya droo. Asubuhi nimeikuta imevimba kama mkate uliotoswa kwenye chai. Palipoandikwa kwa biki panasomeka. Palipoandikwa kwa kalamu ya wino pamekuwa wingu la bluu. Nikaichana uzi, nikazianika kurasa juu ya meza nje, kila moja na jiwe lake. Nilipokaa pale kuzilinda ndipo moyo uliponilipuka. Niko kando ya barabara, watu wanapita, wengine wanasimama kunisalimia, na mbele yangu zimetandazwa barua pepe na pasiwadi za watu zaidi ya mia mbili. Zangu mwenyewe zimo, ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo ninaloona haya kulisema, ila nikilificha hamtaweza kunisaidia. Pasiwadi za wateja wengi ni ile ile moja, jina la mji na mwaka, ili nisihangaike. Na zangu binafsi ni mbili tu ambazo nimezizungusha kila mahali kwa miaka yote hii.

Kijana jirani ananiambia niingize zote kwenye simu, kuna programu za kutunza pasiwadi. Mwingine anasema nizipige picha kurasa zote nijitumie kwenye WhatsApp. Naogopa simu kuibiwa, naogopa intaneti kuzimwa kama ile mara ya uchaguzi. Naombeni ushauri wa mtu anayejua.

boda_mbale

Dada, picha usipige. Simu nyingi zinapandisha picha zote kwenye akaunti bila kukuuliza, na WhatsApp nayo inaweka nakala yake. Na siku kioo kikipasuka utampelekea fundi, atakuomba namba ya kufungulia simu ili aijaribu, nawe utampa. Mimi nilimpa fundi wangu namba hiyo. Simu ilikaa kwake siku mbili, na sijui alitazama nini. Ndani mlikuwa na picha ya karatasi yenye PIN yangu ya pesa za simu. Nilipoirudisha nyumbani niliibadilisha PIN kabla hata sijavua koti. Hayo mengine ngoja wenye ujuzi.

mwalimu_wa_arua

Dada mchapaji, pole sana kwa mvua. Mimi nafundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapa Arua, na suala la pasiwadi ndilo linaloniletea watu mlangoni hata baada ya magharibi. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu ndani ya hiyo kaunta buku moja umechanganya vitu viwili, na kila kimoja kina dawa yake.

Kwanza, kuandika pasiwadi kwenye karatasi si kosa kubwa kama watu wanavyodhani. Mwizi wa mtandaoni yuko mbali, hajui Busia iko wapi, wala hana mkono wa kufungulia droo yako. Kilichonitia hofu ni ile pasiwadi moja kwa watu wote. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa pasiwadi milioni 32, zote zikiwa zimehifadhiwa wazi kama zilivyoandikwa na wenyewe. Iliyopendwa na wengi kuliko zote ilikuwa 123456. Orodha ile bado inazunguka, na nyingine nyingi zimerundikwa juu yake. Mwizi wa leo hakai kubahatisha kwa vidole. Anachukua barua pepe pamoja na pasiwadi iliyovuja kwenye tovuti moja ndogo, tuseme ya kuuza viatu au ya kubeti, anaipa mashine, na mashine inakwenda kuzijaribu hizo mbili kwenye kila mlango mwingine ulioko duniani. Ukiwa umetumia ile ile, mlango unafunguka. Siku hiyo wewe hukukosea lolote, ulikuwa umelala zako. Kosa ulilifanya miaka mitano nyuma uliposema "nitumie hii hii".

Kuna tovuti inaitwa Have I Been Pwned, ilianzishwa 2013 na Troy Hunt, mtu wa Australia. Unaandika barua pepe yako tu, pasiwadi huiandiki, nayo inakutajia ni katika wizi gani barua pepe hiyo ilionekana. Leo usiku kabla ya kulala andika yako. Watu wengi hawaamini neno langu mpaka waone majina ya tovuti walizokwisha kuzisahau.

Ukiwa na nguvu ya kubadilisha pasiwadi moja tu wiki hii, badilisha ya barua pepe. Jiulize: ukisahau pasiwadi ya Facebook na kubonyeza "umesahau", kiungo cha kuwekea mpya kinakuja wapi? Kinakuja kwenye barua pepe. Aliyeshika barua pepe yako hana haja ya kujua nyingine yoyote, atakaa atazifungua moja baada ya moja kwa utulivu. Kwa hiyo hiyo iwe ya peke yake, isifanane hata kidogo na nyingine.

Sasa wateja wako. Hapa naomba unisikilize kama kaka yako. Zile pasiwadi si zako na hupaswi kuwa nazo. Najua umezishika kwa wema, na najua umewasaidia watu ambao hakuna mwingine angewasaidia. Lakini fikiria siku mmoja wao akiibiwa kupitia ile akaunti. Wa kwanza kuulizwa ni wewe, na utasema nini, na kweli pasiwadi unayo? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kupita muda unaohitajika. Kaunta buku ya miaka hii yote imepita muda huo.

Fanya hivi. Mteja mpya akija, mgeuzie kibodi. Aandike pasiwadi yake mwenyewe, wewe geukia dirishani. Atachelewa, atatafuta herufi kwa kidole kimoja, foleni itanung'unika, mwache. Halafu kwenye sehemu ya kurejesha akaunti weka namba yake ya simu. Yake, si yako. Wachapaji wengi huweka namba ya ofisi ili kazi iende haraka, na matokeo yake mteja akihama mji anaiacha barua pepe yake mikononi mwa mchapaji. Ukiweka namba yake, akirudi baada ya mwaka amesahau, huna haja ya kaunta buku yoyote. Unabonyeza "umesahau nenosiri", msimbo unaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwake, anaandika mpya, anakwenda.

Na wale mia mbili wa zamani? Huwezi kuwapata wote kwa mara moja. Kila anayerudi, mbadilishie papo hapo kwa njia hiyo, kisha ukate safu yake kwa mkasi na kuichoma. Zilizobaki zikae kwenye sanduku la bati lenye kufuli, nyumbani, si dukani. PIN za pesa za simu kama zimo humo, hizo zikate leo bila kumsubiri mwenyewe. PIN ina tarakimu nne au tano tu, na aliyeiona mara moja amekwisha kuikariri.

Twende kwenye zako. Hesabu akaunti zako kwanza, utashangaa. Mimi nilidhani nina kama kumi na tano, nikakuta 64. Hakuna kichwa cha kushika 64 zisizofanana, na ndiyo maana programu ya kutunza pasiwadi ipo. Ninayotumia mimi ni KeePassXC kwenye kompyuta na KeePassDX kwenye simu ya Android. Ni za bure, na jinsi zilivyoandikwa ndani kuko wazi kwa yeyote anayetaka kukagua. Pasiwadi zote zinakaa ndani ya faili moja lililofungwa kwa hesabu nzito. Faili lenyewe ni dogo kuliko picha moja ya simu. La kwangu liko kwenye simu, nakala iko kwenye kompyuta, na nakala nyingine iko kwenye flashi ambayo dada yangu ananitunzia Koboko. Flashi hiyo hata akimpa mtu mwingine, bila neno la kufungulia ni takataka.

Na intaneti haihusiki kabisa. Januari 2021, intaneti ilipozimwa jioni ya tarehe 13 na kurudi tarehe 18, nilikuwa Bombo kwa wazee. Mhasibu wa chuo akanipigia, kompyuta ya mishahara imejifunga na yeye hakumbuki neno la kuifungua. Nilifungua faili kwenye simu nikamsomea herufi moja moja, "K kubwa, saba, alama ya nyota", mpaka ikakubali. Tangu siku hiyo sijamsikia akisema mambo haya ni ya watu wa Kampala.

Ukiona faili na flashi ni usumbufu, ipo Bitwarden. Ni ya bure kwa matumizi ya kawaida, inakaa kwenye seva zao ikiwa imefungwa tangu kwenye simu yako, na simu na kompyuta vinapatana vyenyewe. Simu uliyokwisha kuingia nayo inakuonyesha zilizomo hata bando likiisha. Kwa mtu wa kazi nyingi kama wewe huenda ndiyo inayofaa zaidi. Ila programu yenyewe ichukue Play Store au kwenye tovuti yao wenyewe. Faili la programu lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp usiliguse, hata kama aliyelituma ni mchungaji wako.

Faida moja ambayo watu hawaitaji: ukiiunganisha na kivinjari, programu inatazama anwani ya tovuti kabla ya kujaza. Macho yako yatadanganywa na ukurasa wa benki uliochorwa vizuri, rangi zile zile, nembo ile ile. Programu haitazami rangi. Anwani ikikosea herufi moja, inakaa kimya, haijazi. Ukimya huo ndio onyo lako.

Inabaki ile pasiwadi moja ya kufungulia zote. Hii ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanaweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.

Desemba iliyopita binti yangu, yuko darasa la sita, alikuwa likizo. Nikampa daftari la kurasa 96 nikamwambia ajaze kurasa 36, kila ukurasa maneno 36, yasijirudie. Kila ukurasa una namba mbili juu, kuanzia 1-1 hadi 6-6, na kila neno lina namba mbili pembeni vivyo hivyo. Ilimchukua siku tisa. Alianza na ya jikoni: mwiko, kinu, ungo, sufuria. Alipoishiwa akamwendea bibi yake akarudi na ya Kinubi, kisira na mengine. Akavuka kwa jirani akaleta ya Kilugbara, enyasa likiwa la kwanza. Siku ya saba alikuwa ananifuata bafuni kuniuliza kama "kokoto" limekwisha kuandikwa. Mwisho tulikuwa na maneno 1,296.

Tukachukua dadu mbili za ludo, nyekundu na nyeupe. Nyekundu inasomwa kwanza. Rusha mara ya kwanza upate ukurasa, rusha mara ya pili upate neno. Tulirusha hivyo mpaka tukapata maneno matano, yakaandikwa kwa mpangilio ule ule yaliyotoka. Neno la tatu halikumpendeza binti, akataka kurusha upya. Nikamkatalia. Ukishaanza kuchagua unachokipenda, umerudi kwenye kichwa chako, na vichwa vyetu vinafanana kuliko tunavyodhani. Dadu haina kipenzi.

Hesabu yake ni hii: 1,296 × 1,296 × 1,296 × 1,296 × 1,296, yaani mara moja kwa kila neno kati ya matano, ni zaidi ya trilioni 3,656 za michanganyiko. Na hesabu hiyo inasimama hata mwizi akiwa amelishika daftari la binti yangu mkononi, kwa sababu siri haimo kwenye daftari, imo kwenye dadu zilivyoanguka. Juu ya hapo programu hizi zinafanya kila jaribio liwe zito kwa makusudi. Bitwarden, kwa mfano, inalisaga neno lako mara 600,000 kabla ya kusema ndiyo au hapana. Kwako wewe ni kufumba na kufumbua. Kwa anayetaka kujaribu mabilioni ni maisha yanapita. Ukitaka utulivu zaidi rusha mpaka upate maneno sita.

Mbinu hii si yangu. Mmarekani Arnold Reinhold aliieleza 1995 kwa jina la Diceware, kwa orodha ya maneno 7,776 na kurusha dadu mara tano kwa kila neno. Orodha yake ya awali ilikuwa ya Kiingereza. Sisi tulitaka maneno ambayo mama yangu akiyasikia anayajua.

Yaandike maneno yako kwenye karatasi, yakae kwenye pochi wiki ya kwanza, yaandike kwenye simu kila asubuhi bila kutazama. Ukiona vidole vinayajua, karatasi iingie bahasha, bahasha igundiwe, iwekwe na vyeti vya nyumba. Usije ukaamua kuyabadilisha kila mwezi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, bali pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Ukimlazimisha mtu kila mwezi ataandika Kampala1, Kampala2, Kampala3. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kwenye kompyuta za ofisi.

Mwisho ni simu kuibiwa, maana ndiyo hofu yako. Yalinikuta. Ilikuwa 2022, jioni, taksi imekwama kwenye foleni ya kutoka Old Taxi Park ya Kampala, dirisha liko wazi kwa joto. Mkono uliingia ukatoka, basi. Pasiwadi sikupoteza hata moja, nakala zilikuwepo. Nilichopoteza ni hatua ya pili, yaani uthibitisho unaodaiwa baada ya pasiwadi. Nilikuwa nimewasha ule uthibitisho wa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, na ni jambo jema sana, mwashe nyote, kwa sababu unafanya kazi bila mtandao na hauendi na laini kama SMS zinavyokwenda. Lakini tarakimu zangu zote zilikuwa zinatolewa na simu ile ile moja. Mtu anapowasha hatua ya pili hupewa misimbo ya akiba ya kuandika pembeni. Google hutoa kumi, ya tarakimu nane nane, kila mmoja wa kutumika mara moja. Mimi ukurasa ule niliupita kwa haraka kila ulipotokea. Mwalimu wa kompyuta.

Barua pepe ya kazi niliipata baada ya siku 19 za kujieleza. Akaunti yangu moja ya zamani ya kutunzia picha sikuipata tena mpaka leo, na humo ndimo zilimokuwa picha za marehemu baba, amekaa uani Bombo na kanzu yake nyeupe, miezi yake ya mwisho. Ninazo mbili tu ambazo ndugu walikuwa nazo. Kwa hiyo dada, siku utakapowasha hatua ya pili, usisimame mpaka printa yako imetoa ile misimbo na iko ndani ya bahasha. Printa unayo hapo mezani.

karani_jinja

Mwalimu umeeleza vizuri, nashukuru. Lakini mbona husemi kwamba hizo programu zenyewe zinaibiwa? LastPass walivunjiwa 2022. Mimi nilikuwa karani wa serikali miaka 30, na nilichojifunza ni kwamba ukiweka funguo zote kwenye kikapu kimoja, umemrahisishia mwizi kazi. Bora mtu akariri.

mwalimu_wa_arua

Mzee wangu, ni kweli kabisa, na haifai kufichwa. Mwaka 2022 wezi waliingia LastPass na kuondoka na nakala za hazina za wateja, yaani mafaili yanayotunza pasiwadi zao, kampuni ikatangaza Desemba ile. Pasiwadi ndani yake zilikuwa zimefungwa, lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi, na kila mteja aliachwa na ulinzi mmoja tu: ubora wa neno lake la kufungulia. Aliyeweka maneno ya dadu alikuwa na muda wa kutosha wa kubadilisha zilizomo bila hofu. Aliyeweka jina la mke na mwaka wa harusi, mwizi ana nakala yake mkononi na anaweza kuijaribu usiku na mchana bila kufungiwa. Ndiyo sababu nilikaa sana kwenye daftari la binti. Ndiyo sababu pia mimi binafsi nimechagua faili ninalolishika mwenyewe.

Kuhusu kukariri, Mzee, kariri nne: ya kufungulia programu, ya barua pepe, ya kufungulia simu, na PIN ya pesa. Hizo kichwa kinabeba. Zaidi ya hapo, anayesema amekariri zote mara nyingi amekariri moja.

mama_bweyale

Wanangu, salaam. Nasoma tu huwa siandiki, ila hili limenigusa. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, ghafla, shambani. Simu yake ilikuwa inafunguka kwa kidole na kwa namba ambayo aliijua peke yake. Ilikuwa inaita, naona majina ya watu, napokea. Kuifungua siwezi. Risiti za akiba yake zilikuwa zinakuja kwa ujumbe humo ndani. Deni alilokuwa anadai watu wa mahindi lilikuwa limeandikwa humo. Nilizunguka ofisi na cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mpaka viatu vikaisha, na sehemu ya zile pesa haikupatikana.

Mumewe mtu si mwizi, na mke si mwizi. Mwalimu amesema bahasha iwekwe na vyeti vya nyumba. Naongeza: mtu mmoja wa nyumbani ajue kwamba bahasha ipo na iko wapi. Si lazima ajue kilichomo. Mimi yangu nimeigundi, nimeipiga sahihi juu ya gundi, na iko kwa dada yangu wa tumbo moja. Kila Idi nikienda naitazama kama gundi iko vile vile.

mwalimu_wa_arua

Mama, pole sana, Mungu amrehemu Mzee. Nilichelewa kuliwaza hilo. Bahasha yangu mke wangu hakuwa anajua iko wapi. Nimemwonyesha leo.

mchapaji_busia

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili niwape taarifa. Shukrani nyingi, hasa kwako Mwalimu, na Mama wa Bweyale, pole sana.

Barua pepe yangu niliibadilisha usiku ule ule. Kwenye ile tovuti ya Troy Hunt nilikuta barua pepe yangu imeonekana katika wizi wa tovuti mbili, na mojawapo sikumbuki hata nilijiunga lini. Nimeweka Bitwarden. Akaunti zangu zimefika 38 na bado nazikumbuka nyingine nikiwa nateka maji. Misimbo ya akiba nimeichapa, iko kwenye bahasha kwa shangazi Tororo, na mdogo wangu anajua.

Kaunta buku ilikauka. PIN nilizokuta humo zilikuwa kumi na moja, nilizikata nikazichoma kwenye jiko la mkaa kabla ya kuinjika chai. Zilizobaki ziko kwenye sanduku nyumbani.

Mteja wa kwanza niliyemgeuzia kibodi alikuwa mzee muuza samaki, namjua miaka mingi, ndiye aliyewahi kuniletea sangara. Alikataa mwanzoni, akasema, "Lakini wewe nnyabo ndiye unayejua." Nikamwambia safari hii nisijue. Akaandika kwa kidole kimoja, anasema kila herufi kwa sauti, nikamwomba aseme moyoni. Nyuma yake watu wanne wanapiga miguu. Dakika kumi na moja. Alipomaliza akanitazama, akauliza, "Hujaiona?" Nikasema sijaiona. Akarudia, "Kweli hujaiona?" Kisha akachukua mkasi mezani, safu yake akaikata mwenyewe, akaiweka mfukoni, akasema ataichoma nyumbani mkewe akiona.

Mpaka jana safu 23 zimekatwa. Mwalimu, dadu nimezipata sokoni lakini zote mbili ni nyeupe, moja nimeipaka rangi ya kucha nyekundu. Kwenye daftari nimefika ukurasa wa 9. Nikikwama kwa maneno nawauliza wateja waliokaa kwenye foleni, na wanayatoa kwa Kisamia, kwa Kiteso, kwa kila lugha inayopita mpaka huu.